Kiatu laini au kinachodunda? Maswali yenu kuhusu viatu vya marathoni

Kocha, shikamoo. Najiandaa kwa marathoni yangu ya kwanza, natarajia kumaliza kwa saa nne na nusu. Nina jozi mbili: moja laini, nene, nzito kidogo, nyingine ya mashindano, nyepesi, inadunda nikikanyaga. Nivae ipi?

Marahaba. Vaa ile laini.

Kumaliza kwa saa nne na nusu maana yake ni kama dakika 6 na sekunde 24 kwa kila kilomita. Utakaa barabarani zaidi ya mara mbili ya muda aliotumia Kelvin Kiptum mwaka 2023 alipoweka rekodi ya 2:00:35 kule Chicago, na miguu yako itagonga lami zaidi ya mara 40,000. Kiatu kinachodunda kimeundwa kwa ajili ya mtu anayekanyaga kwa nguvu na kuinua mguu upesi. Faida yake hupungua kadiri mwendo unavyopungua.

Tena kuna kilomita ya 30. Hadi hapo karibu kila mtu anakimbia vizuri. Baada ya hapo nyonga zinashuka, hatua zinafupika, na kisigino kinaanza kutua kwa ubavu. Viatu vingi vya mashindano ni vyembamba kisiginoni na sponji yake ni ndefu kwenda juu, kwa hiyo mguu uliochoka unayumba ndani yake, na anayelipa ni kifundo na goti. Nimewaona wengi waliovipenda viatu vyao asubuhi, kisha wakatembea kilomita nane za mwisho.

Kama bado una shaka, fanya hivi katika mojawapo ya mbio zako ndefu. Iache jozi ya pili mahali utakapopita. Kimbia kilomita 25 ukiwa na ya kwanza, badilisha, kisha maliza tatu au nne ukiwa na ya pili. Wiki nyingine geuza mpangilio. Uamuzi uachie miguu iliyochoka, maana ile iliyotoka kupumzika hupenda kila kiatu.

Kinachofanya kiatu kidunde ni lile bamba gumu la kaboni lililo ndani ya soli, sivyo?

Hapana, kwa sehemu kubwa ni sponji. Wengi wanakosea hapa, halafu wananunua kiatu kigumu chenye bamba wakidhani wamepata kasi.

Sponji ya kawaida ya viatu vya mazoezi kwa miaka mingi imekuwa ya EVA, aina ya plastiki laini. Viatu vya mashindano vya kizazi kipya, vilivyoanza kuuzwa mwaka 2017, vilileta sponji ya PEBA, plastiki ya aina nyingine, ambayo ni nyepesi na hurudisha sehemu kubwa zaidi ya nguvu unayoikandamizia. Katika vipimo vya maabara vilivyochapishwa baadaye, kiatu cha namna hiyo kilirudisha takriban asilimia 87 ya nguvu hiyo, wakati viatu viwili vya mashindano vya zamani vilirudisha kati ya asilimia 65 na 76. Na sponji hiyohiyo ndiyo iliyobonyea zaidi, karibu mara mbili ya zile nyingine! Yaani ndiyo iliyokuwa laini kuliko zote. Kazi ya bamba ni kuipa sponji hiyo nene uthabiti na kupunguza kukunjika kwa vidole.

Kwa hiyo ulaini na kudunda si maadui tena. Unapochagua, jiulize: sponji hii ikibonyea, inarudi juu au inazama tu? Na ikirudi, mguu wangu unabaki wima?

Ile asilimia nne mnayoisikia ikitajwa kuhusu viatu hivi ni nishati iliyookolewa, tena kwa wastani, kwa wakimbiaji wenye kasi. Haina maana kwamba muda wako utapungua kwa asilimia nne.

Mwenzangu anasema nitazame uzito tu, mengine ni maneno.

Uzito una maana, ila si kwa kiasi hicho. Kila gramu 100 zinazoongezeka kwenye kila kiatu huongeza matumizi ya nishati kwa takriban asilimia moja. Tofauti ya gramu 40 basi ni chini ya nusu ya asilimia, na soli inayokulinda mapaja inaweza kuirudisha yote. Tigst Assefa wa Ethiopia alikimbia marathoni kwa 2:11:53 mjini Berlin mwaka 2023 akiwa na kiatu cha gramu 138, lakini kiatu hicho hakikuwa chepesi tu, kilikuwa na sponji nene pia.

Je, kuna sheria ya unene wa soli?

Ipo. Kwa mashindano ya barabarani World Athletics, shirikisho la riadha la dunia, inaruhusu soli isiyozidi milimita 40 na bamba moja tu gumu. Mwaka 2021 mkimbiaji Derara Hurisa alikuwa wa kwanza kuvuka mstari wa kumalizia katika marathoni ya Vienna, akaondolewa kwenye matokeo kwa sababu soli yake ilikuwa na sentimita tano.

Niliwahi kuumia ukano wa kisigino. Viatu vya kaboni vitaniumiza?

Muulize kwanza mtaalamu wa tiba ya viungo aliyekuhudumia, kwa kuwa mimi siuoni mguu wako. Ninaloweza kusema ni kwamba kiatu ambacho kisigino chake kimeinuka kuliko sehemu ya vidole huupunguzia ukano huo mzigo, na kile kilicho bapa huuongezea. Viatu vyenye bamba navyo huhamisha mzigo kwenda sehemu nyingine. Madaktari wameripoti wakimbiaji waliopata nyufa katika mifupa ya katikati ya unyayo. Ukivitumia, anza na dakika 20 kwa wiki. Ukibonyeza kwa kidole na maumivu yakawa palepale kila siku, acha kukimbia, nenda ukapimwe.

Naweza kuvaa viatu vipya kabisa siku ya mashindano?

Tafadhali usifanye hivyo. Mimi nilifanya, kiatu kizuri cha namba yangu ileile ya kila siku. Miguu huvimba ukikimbia kwa saa nyingi, na kufikia kilomita ya 18 kidole kidogo kilikuwa na lengelenge lililopasuka ndani ya soksi. Acha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya vidole. Kimbilia viatu hivyo kilomita 40 hadi 60 kabla ya siku yenyewe, sehemu yake ikiwa kwa mwendo wa mashindano, ukiwa na soksi zilezile utakazovaa.

Kisha viweke mezani, uvitazame kwa nyuma macho yakiwa usawa wa soli. Kimoja kikiwa kimeanza kulalia ndani baada ya kilomita hizo chache, rudi kwenye ile jozi nyingine.