Milango ya Kabati Imekwama Masika

SWALI: Kabati langu la ukutani lina milango ya mninga inayokaa ndani ya fremu. Kiangazi ilifungika vizuri, masika inakwama. Nirande?
Msomaji, Nyegezi, Mwanza

JIBU: Weka randa chini kwanza. Pima fremu kimshazari, pembe kwa pembe, kutoka kila upande. Vipimo viwili vikitofautiana, fremu imevutwa na ukuta usionyooka (na kuta zilizonyooka ni chache!). Legeza skrubu, chomeka kabari nyuma ya fremu, kaza, pima tena.

Pembe zikiwa sawa, basi mbao zimevimba. Mbao huvimba kwa upana, kwa urefu karibu hakuna. Mlango wa mbao tupu wenye upana wa sentimita 45 unaweza kuongezeka milimita 2 na zaidi, kwa hiyo nafasi ya milimita 1 haitoshi. Randa upande wa kitasa, ukilaza randa kidogo kuelekea ndani, hadi ibaki milimita 2. Usizidishe, kiangazi nafasi itapanuka.

Kisha paka vanishi pande zote sita. Mafundi wengi huruka ncha za juu na chini, na ndiko unyevu unakoingilia zaidi.