Mpango wa chakula wa Disney Florida: hesabuni kwanza midomo iliyo chumbani

Jambo papa. Umeuliza hivi: kaka yako wa Atlanta anawalipia safari ya kwenda bustani za michezo za Disney kule Orlando, Florida, mwezi wa 7, wewe na mama watoto pamoja na watoto watatu wa miaka 4, 7 na 9, usiku nne katika hoteli ya Disney yenyewe. Anataka kununua na mpango wa chakula kabisa ili mkifika msiguse mfuko. Mmoja amekujibu kwamba ni kutupa pesa, mwingine kwamba bila huo mtashinda na njaa. Mimi nilikwenda Julai 2024. Mdogo wangu anayeishi Raleigh, mji wa Marekani, ndiye aliyetualika, mama na mimi, na usiku wa kuamkia malipo tulikaa mezani kwake na kalamu hadi saa nane tukibishana juu ya jambo hilihilo. Sisi hatukununua. Ninyi nadhani mnaweza kununua, na sababu ni moja: umri wa watu watakaolala katika chumba chenu.

Kazi yangu hapa Lubumbashi ni kupika kwenye harusi na matanga, mwaka wa 14 huu. Mtu akiniambia "mama, ni watu 200", siulizi kwanza watakula nini. Nauliza ni akina nani. Wanakwaya waliotoka ibadani saa tisa bila kula kitu? Wazee wanaoonja na kusukuma sahani? Watoto? Bei ya kichwa kimoja ni wastani, na katika wastani daima kuna mtu anayelipia tumbo la mwingine. Mpango wa Disney ni bei ya kichwa vilevile, kwa hiyo niliutazama kama ninavyotazama karamu.

Mpango wenyewe ulisimamishwa mwaka 2020 wakati wa korona, ukarudi tarehe 9 Januari 2024, na uko wa namna mbili. Wa kwanza ni wa mikahawa ya kaunta, ile unayoagiza na kubeba sinia lako mwenyewe. Kila mtu anapata, kwa kila usiku wa hoteli, milo miwili na kitafunwa kimoja, pamoja na kikombe cha kujazia vinywaji hotelini. Kikombe hicho hakijazwi ndani ya bustani za michezo, ni hotelini tu. Mwaka 2024 mtu mzima alilipa dola 57.01 kwa usiku na mtoto dola 23.83. Wa pili unabadilisha mlo mmoja wa kaunta kuwa mlo wa kukaa mezani na kuhudumiwa: mtu mzima dola 94.28, mtoto dola 29.69. Bei hupanda mwaka hadi mwaka, kwa hiyo chukua hizo kama kipimo na umwambie kaka yako asome za mwaka wenu.

Sasa tazama hizo bei za watoto. Kati ya mpango wa kaunta na wa mezani, mtu mzima anaongezewa zaidi ya dola 37, mtoto anaongezewa chini ya dola 6. Na kuna mikahawa ambako wahusika wa katuni za Disney, kama Mickey, wanapita meza kwa meza wakipiga picha na watoto, kama Chef Mickey's, ambako mlo wa jioni peke yake ulikuwa zaidi ya dola 60 kwa mtu mzima na karibu 40 kwa mtoto. Maana yake mtoto akila pale jioni moja, mlo huo peke yake unazidi bei ya mpango wake wa siku nzima. Hapo ndipo faida ilipo, kwa watoto. Mtu mzima anahangaika kufikia gharama yake tu, labda awe anakunywa bia au divai, maana kinywaji cha pombe kimo ndani ya mlo kwa mwenye miaka 21 kwenda juu.

Lakini mtoto kwao ni wa miaka 3 hadi 9. Akifika 10 ni mtu mzima. Hili ndilo lililotuangusha sisi. Chumbani tulikuwa watano: mimi, mama yetu, mdogo wangu, kijana wake wa miaka 11 na binti wa miaka 6. Kijana yule anakula vipande vinne vya kuku wa kukaanga na viazi, basi, ameshiba, anataka kurudi kwenye michezo. Kwenye mpango angelipiwa kama baba mwenye ndevu. Mama yetu ana miaka zaidi ya 70, mchana anakula kidogo sana. Nilipiga hesabu: watu wazima wanne na mtoto mmoja, usiku nne, mpango wa kaunta ulifika dola 1,007.48, na wa mezani dola 1,627.24. Na katika wale "wazima" wanne, wawili wasingemaliza hata nusu.

Mdogo wangu akasema, basi tumnunulie binti peke yake. Haiwezekani. Wote walio kwenye chumba kimoja kuanzia miaka 3 lazima wawe na mpango uleule. Ndiyo maana nasema uhesabu midomo ya chumbani kabla ya kufungua orodha ya vyakula. Huruhusiwi kuchagua ni nani kati yenu anayestahili.

Tulichofanya ni hiki. Tulichukua chumba cha familia katika hoteli ya All-Star Music, ambacho kina friji na maikrowevu, na tulikwenda kwa gari kutoka Raleigh, sanduku la barafu nyuma. Ndani yake sombe (majani ya muhogo) iliyopikwa na kugandishwa, kuku, mayai ya kuchemsha, na unga wa mahindi kilo mbili kutoka duka la Waafrika. Jioni ya kwanza mama akataka bukari, yaani ugali. Jiko hakuna. Mdogo wangu akaweka unga na maji kwenye bakuli kubwa la kioo, dakika tatu kwenye maikrowevu, akatoa, akasonga, akarudisha, mara nne. Mama alisimama nyuma yake muda wote, kitenge kimefungwa kiunoni, hakusema neno. Ilipotoka nyeupe na kukaza aliibonyeza kwa kidole, akakata tonge la kwanza yeye mwenyewe, akaketi kitandani na kula. Kesho yake alitembea kwenye jua la Florida kuliko sisi sote.

Na chakula chako unaruhusiwa kuingia nacho ndani ya bustani, watu wengi hawajui. Kinachokatazwa ni vyombo vya kioo na pombe. Maji baridi yenye barafu unapewa bure kwenye mikahawa ya kaunta, omba tu kikombe. Kwa joto la Julai hilo peke yake lilituokoa vinywaji vingi vya dola 4 na 5.

Mchana tulikula kaunta. Ukilipa mwenyewe, kijana wa miaka 11 anaagiza sahani ya watoto, mwaka ule kwa chini ya dola 10, na hakuna anayemuuliza umri. Mama na mimi tuligawana sahani moja. Jioni moja mdogo wangu na binti yake walikwenda Chef Mickey's wawili tu, na sisi watatu tukabaki chumbani na sombe. Kwenye mpango, mkigawanyika namna hiyo, vocha za mezani za waliobaki (vocha ni haki ya mlo mmoja) zimeshalipiwa, na msipozila siku nyingine zinapotea.

Jioni ya mwisho tulikwenda wote Boma, na hapa niruhusu nikae kidogo. Kuna hoteli ya Disney inaitwa Animal Kingdom Lodge, na majina yake ni lugha yetu: Jambo House, Kidani Village, mkahawa wa Jiko, mkahawa wa Sanaa, mkahawa wa Boma. Mama yetu hajui Kiingereza hata kidogo. Siku zote tatu alikuwa akipita mbele ya maandishi bila kuyatazama. Pale mlangoni alisimama, akasoma kwa sauti "Ji-ko", akanigeukia: "Huku wameandika jiko." Akasoma tena. Kisha akaingia Boma kama mtu anayeingia kwa jirani, akachukua supu, akarudi na supu nyingine, akarudi tena na ya tatu, na kila mara alimweleza mpishi kwa Kiswahili kwamba pilipili ni kidogo. Ni bufe, mwaka ule zaidi ya dola 50 kwa mtu mzima, na sijutii hata senti. (Ukiwa na mpango, Boma inachukua vocha moja ya mezani, lakini Jiko inachukua mbili, na mkahawa wa ndani ya kasri la Cinderella unachukua mbili vilevile. Ulizeni hilo kabla ya kuahidi watoto kasri.)

Jumla yetu, bidhaa za dukani, kaunta, Chef Mickey's, Boma, kodi na matabishi (bakshishi) ya wahudumu, ilifika dola 911. Yaani chini ya mpango wa kaunta, na tulikuwa tumekaa mezani mara mbili.

Kitu kimoja kilitushinda, na nakiri kwamba mpango ungekitatua. Mama alikuwa anageuza kila bei kuwa franka. Kinywaji cha dola 5 kwake kilikuwa karibu franka 14,000, na akifika hapo anasema "mimi sina njaa". Siku ya kwanza alisema hana njaa tangu asubuhi hadi saa kumi, na nilimwona anatazama sahani ya mtu wa meza ya pili. Mgeni wa kwetu hawezi kumwomba mtoto wake chakula cha bei ile, ataona haya. Mdogo wangu akaenda kununua kadi ya zawadi ya Disney ya dola 150, akampa mkononi: "Mama, hii imeshalipwa, haitumiki Lubumbashi, ni ya chakula chako na wajukuu." Tangu hapo nkambo, yaani bibi yao, ndiye aliyekuwa anaita watoto kwenye foleni na kutoa kadi. Kama kaka yako anataka tu msione haya kula, kadi kama hiyo inatosha, na kinachobaki hakifi. Vocha za mpango zinakufa saa sita ya usiku siku mnayoondoka. Asubuhi yetu ya kuondoka nilikuta familia moja kwenye mkahawa wa hoteli inajaza mfuko biskuti na pakiti za karanga, vitafunwa kumi na kitu, ili visipotee. Watoto wao walikuwa wamechoka wanalia, na wao bado wanachagua biskuti.

Haya, sasa chumba chenu. Wazima wawili, watoto watatu. Kwa bei zile za 2024, mpango wa mezani unakuwa dola 277.63 kwa usiku. Jioni moja ya wahusika kwa ninyi watano ukilipa taslimu ingepita dola 240 kabla ya kodi, na kodi ya huko ni asilimia 6.5. Ongeza mlo wa kaunta na vitafunwa vitano, unaipita bei ya mpango kwa mbali. Kwa hiyo kama watoto wenu wanataka kula na Mickey na wenzake kila siku, nunueni. Na kwa safari za 2026 Disney imetangaza kwamba watoto wa miaka 3 hadi 9 wanapata mpango bure watu wazima wa kifurushi chao (hoteli na tiketi pamoja) wakinunua mpango wao. Kuna masharti ya idadi ya usiku na aina ya tiketi, kaka yako ayasome yote. Hapo mnalipia vichwa viwili tu, mnalisha vitano.

Ila mikahawa ya wahusika inajaa. Nafasi zinafunguliwa siku 60 kabla, na wanaolala hoteli za Disney wanaweza siku hiyo kushika za kukaa kwao kote. Kaka yako aamke mapema siku ya 60. Mkikosa nafasi hizo, mpango wa mezani unageuka mzigo, chukueni wa kaunta au msichukue kabisa. Na matabishi hayamo ndani ya mpango, wekeni pembeni asilimia 18 au 20 ya kila mlo wa mezani.

Mama aliyeuliza chini ya swali lako kuhusu Disneyland Paris kwa kuwa ndugu zake wako Brussels: huko mtoto ni wa miaka 3 hadi 11, kwa hiyo kijana wetu angehesabiwa mtoto, na hesabu yangu yote ya hapa ingebadilika. Usiichukue.

Papa, nijibu kitu kimoja kabla kaka yako hajalipa: huyo wa miaka 9 anatimiza 10 tarehe ngapi? Ikiwa ni kabla ya siku ya kuingia hotelini, chumba chenu kina wazima watatu, na itabidi nikae tena na kalamu.