Muulize Mwalimu wa Kwaya: Kinanda, mshahara na ngazi ya Bi. Glover

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 26, nakaa Bombo, Uganda. Nilisomea muziki Chuo Kikuu cha Kyambogo, na huu ni mwaka wa pili natembea na bahasha ya vyeti. Kila shule naambiwa nirudi msimu wa MDD, yale mashindano ya shule ya muziki, ngoma na maigizo, niwanoe watoto wa kwaya wiki chache, kisha nishukuriwe. Juzi shangazi yangu kaniambia eti karne ya 19 wanawake wa Ulaya walikuwa wakiigombania kazi hii ya kufundisha muziki, na ndiyo iliyowalisha. Ni kweli? Waliipataje, na walilipwa?
Binti wa Bombo

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwenye kugombania, shangazi kasema kweli. Kwenye kulisha, tuongee.

Uingereza ya wakati ule, binti wa mchungaji au wa mfanyabiashara alifundishwa kinanda tangu mdogo, si apate kazi, apate mume. Kinanda kilikaa sebuleni, wageni wakija binti anaitwa apige. Halafu baba anafariki, au benki inaanguka na akiba yote ya nyumba. Afanye nini huyo? Vyuo vikuu havimpokei, uwakili hapana, udaktari hapana, na akisimama dukani kuuza ukoo unaona haya. Kimebaki kile alichofundishwa kwa ajili ya ndoa. Basi anapeleka tangazo gazetini: binti wa familia ya heshima, anafundisha Kiingereza, Kifaransa, kinanda na kuimba, anatafuta nafasi. Tatizo, wenzake nao wamepeleka tangazo lilelile. Mkiwa wengi stendi bei inashuka, muulize mwenye boda yeyote. Zilikuwepo familia zilizotangaza bila aibu kwamba mshahara hakuna, ila mwalimu atapata chumba na chakula.

Niliposoma habari hizo mara ya kwanza nilicheka, lakini si kwa furaha. Mwaka 1988 niliinoa kwaya ya shule moja mpaka ikabeba kombe la wilaya. Mwisho wa muhula mkuu wa shule akaniita ofisini, nikajua bahasha iko tayari. Nikapewa kreti ya soda na kilo mbili za sukari. Chupa tupu nikatakiwa kuzirudisha.

Kuhusu mshahara, mtu wa kumjua ni Louise Farrenc, Mfaransa mpiga kinanda na mtunzi. Mwaka 1842 alifanywa profesa wa kinanda kwenye Konsevatwari ya Paris, chuo cha muziki, kazi aliyoishika kwa miaka 30 hivi. Kwa miaka ya mwanzo alilipwa chini ya wanaume waliofundisha kinanda kilekile, jengo lilelile. Mwaka 1850 utunzi wake wa ala tisa ukashangiliwa mjini, naye hakungoja makofi yapoe. Akamwandikia mkurugenzi, Auber, akidai alipwe sawa nao. Akapewa. Nakuomba utazame hapo alichagua siku gani ya kuandika. Mimi mwaka 1988, siku ya kombe, nilikuwa nacheza uwanjani na wazazi. Nilikumbuka bei wiki tatu baadaye, na kombe lilikuwa limeshaanza vumbi.

Clara Schumann, mpiga kinanda Mjerumani, yeye alipoitwa kufundisha Frankfurt mwaka 1878 alikuwa karibu na miaka 60, mjane, jina lake linajulikana Ulaya nzima, kwa hiyo aliweza kuweka masharti, likiwemo la kufundishia nyumbani kwake. Mimi na wewe bado hatujafika huko. Anayenigusa zaidi ni Ella Sheppard, msichana mweusi wa Cincinnati, Marekani. Mwalimu mmoja alikubali kumfundisha kwa siri tu: aje usiku, apitie mlango wa nyuma. Akaja. Baadaye akawa mwalimu wa muziki Fisk, chuo cha watu weusi huko Nashville, na ndiye aliyepiga kinanda wanakwaya wa Fisk walipoanza ziara zao mwaka 1871.

Vyeti navyo vilichelewa. Kabla yake neno la mwenye nyumba ndilo lililokuwa cheti chako. Queen's College ya London ilifunguliwa mwaka 1848 ili walimu hawa wa nyumbani wasomeshwe na kupimwa. Bodi ya mitihani ya muziki ambayo gredi zake watoto wa Kampala wanazifanya mpaka leo ilianza mwaka 1889. Kwa hiyo bahasha yako usiidharau, wenzako waliilia. Ila shule ikikuita msimu huu, iwekee ndani karatasi moja zaidi: idadi ya vipindi, bei ya kipindi, siku ya malipo, na sahihi yao kabla watoto hawajafungua mdomo.

Halafu kuna Sarah Ann Glover, na hapa nitakuchosha kidogo. Nilipokuwa binti kwenye kwaya ya kanisa, ukutani palikuwa na kitambaa kirefu kimeandikwa d, r, m, f, s, l, t kutoka chini kwenda juu. Mwalimu alikuwa na fimbo ya mwanzi; anapogusa herufi, sisi tunaimba. Ukikosea, fimbo inagusa kichwa chako. Tuliambiwa sol-fa, yaani njia hii ya kuimba kwa herufi za do, re, mi, ni ya mzungu mmoja, Curwen, na ilikuja huku na wamishonari. Nimeifundisha hivyo miaka mingi. Kumbe Curwen aliichukua kwa mwanamke, na mwenyewe hakuficha. Bi. Glover alifundisha wasichana wadogo Norwich, Uingereza, kwa chati aliyoiita ngazi, akachapisha njia yake mwaka 1835. Hata ile "ti" ni yake: zamani ilikuwa "si", na herufi yake ikagongana na ya "sol", basi akaibadilisha ili kila sauti iwe na herufi yake. Nimeimba "ti" ya mwanamke huyu miaka 50 bila kujua jina lake.

SWALI: Mwalimu, mbona kila ukiwataja wanawake wa zamani ni kinanda tu? Fidla hawakuiona?
Msomaji wa Jinja

JIBU: Waliiona, walikatazwa. Fidla inabana kidevu, inakunja uso, inarusha mkono, na binti alitakiwa apendeze akiwa anapiga. Mpiga fidla Wilma Norman-Neruda alipopiga London mwaka 1869 watu wakaanza kubadili mawazo, na wasichana wakaitaka fidla. Sello, ndugu mkubwa wa fidla, ilikuwa na vita vyake, maana inashikwa katikati ya magoti. Wapo walioipiga miguu yote miwili ikiwa upande mmoja, kama mama aliyevaa gomesi, lile gauni refu la Uganda, anavyokaa kwenye boda.