Mashine ya kumenya kahawa isubiri kwanza

Ndugu, umeuliza kama kikundi chenu cha wakulima 20 huko Bududa, mashariki mwa Uganda, kianze na mashine ya kumenya matunda ya kahawa ili mpate kahawa ya alama 80 kwenda juu, kati ya 100 za waonjaji. Sisi huku Kapchorwa, mlima huohuo wa Elgon, tulianza hivyo. Msimu wa kwanza tulimenya uchafu kwa mashine mpya.

Mibuni haikuwa na kosa. Ni SL14, aina ya arabika, na mashamba yako juu, penye baridi. Shida ni Septemba. Shule zinafunguliwa, ada inadaiwa, wezi wanavuna usiku, na mchuuzi kasimama barabarani na noti mkononi, hajali mbichi wala mbivu. Nani atasubiri tunda liive? Tuliuza mashine moja kati ya mbili, pesa ikawa mtaji wa kumlipa mkulima siku ileile, na nyongeza kidogo kwa anayeleta nyekundu tupu. Hapo ndipo wakaanza kuchagua.

Kila debe linamwagwa kwenye pipa la maji mbele ya mwenyewe. Zinazoelea ni nyepesi, mbovu; anarudishiwa. Baba mkwe wangu alinuna wiki nzima, lakini maji hayana undugu.

Kuvundika punje zilizomenywa, mpaka ulenda wake uachie, msihesabu saa tu. Kwetu usiku ni baridi, mara nyingine ulenda haujaachia hata baada ya saa 30. Ingiza mkono: punje zikikwaruzana kama changarawe, osheni. Zikiteleza, ngojeni.

Kukausha ndiko kulikotuumiza zaidi. Mvua za Oktoba zilitukuta tumeanika kwenye turubai chini. Mnunuzi kutoka Kampala alionja, akasema anasikia udongo, na magunia yote yakaenda kwa bei ya kawaida. Siku hizi tuna vichanja vya miti na wavu, kahawa inatandazwa nyembamba, inageuzwa kila mara, inafunikwa jua la saa saba na usiku. Kipimo cha unyevu tulinunua kwa kuchangishana. Tunaishia asilimia 11 hivi.

Waambieni pia wenzenu mapema kwamba kilo sita hivi za matunda hutoa kilo moja tu ya kahawa safi, yaani punje kavu zilizokobolewa. Ugomvi mwingi huanzia hapo, mtu akidhani ameibiwa kwenye mizani.

Mashine ya mkono kodini kwa jirani msimu huu. Mbao za vichanja ndizo za kuanza kutafuta wiki hii.