Maswali ya gereji: gari kuukuu na moshi wake

Mwangaluka, wasomaji. Safari hii maswali karibu yote ni ya moshi, kwa hiyo nimeyaweka pamoja.

Shikamoo fundi. Nina Carina Ti ya mwaka 1998, nipo Ipuli hapa Tabora. Bomba la moshi jeusi kama sufuria ya kuni, nyuma inanuka petroli, na mafuta inakunywa mara mbili ya zamani. Fundi wangu anasema injini imechoka, nitafute nyingine ya mtumba. Nifanyeje?

Marahaba, mdogo wangu. Hiyo hela ya injini iweke kwanza. Injini iliyochoka ringi, yaani vile vyuma vinavyozunguka pistoni kuzuia oili, inatoa moshi wa bluu. Moshi mweusi kwenye gari ya petroli maana yake petroli imeizidi hewa. Kilo moja ya petroli inahitaji hewa karibu kilo 14.7 ili iungue sawasawa. Hewa ikipungua hapo, unapata masizi, na pamoja nayo ile gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu wanaolala ndani ya gari injini ikiunguruma.

Sasa niambie: ukitembea, mshale wa joto unafika wapi? Nakisia haufiki unapotakiwa, na nakisia pia kuna siku gari ilichemsha, fundi akatoa temostati, kile kilango kinachozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate moto, na kukuambia "huku kwetu joto, haina kazi". Ugonjwa huo tunao mafundi wengi, na mimi niliwahi kuwa nao. Kwenye gari kama yako temostati inaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Ukiitoa, maji yanazunguka muda wote, na barabarani upepo unaipoza injini kupita kiasi. Kontrolo boksi, yaani kompyuta ya injini, inaona injini bado ya baridi, inaongeza petroli. Ni kama kutoka Tabora mpaka Nzega huku umevuta choki.

Rudisha temostati, ila kwanza tafuta kilichoichemsha. Mara nyingi ni rejeta iliyoziba au feni isiyozunguka.

Mshale ukikaa vizuri na moshi bado upo, pima sensa ya joto la maji, ile ya waya mbili inayopeleka habari kwenye kontrolo boksi. Ya mshale wa dashibodi ni nyingine, usizichanganye. Chomoa soketi, weka mita. Injini ikiwa ya baridi, kwenye nyuzi 20, usome kati ya omu 2,000 na 3,000. Ikipata moto wa nyuzi 80 ishuke hadi kati ya 200 na 400. Ikiganda juu hata injini ikiwa ya moto, mchawi wako ndiye huyo. Kuna mteja nilimshushia injini nzima, siku mbili kazini, kumbe soketi ya sensa hiyo ilikuwa na kutu ya kijani. Hela yake nilimrudishia, aibu nikabaki nayo.

Baada ya hapo angalia ea klina, yaani chujio la hewa, halafu sensa ya oksijeni, halafu nozeli zinazopuliza petroli kama zinavuja. Injini ya mtumba iwe ya mwisho kabisa.

Fundi, mimi ni mama wa Cheyo. Gari yangu imekuwa nzito. Kijana wa gereji anataka kutoa masega ya kwenye bomba la moshi, anasema ndiyo yanaibana, na kwamba atayanunua yeye mwenyewe. Nikubali?

Mama, sisi watu wa Tabora masega tunayajua tangu utotoni, na hatujawahi kuona mtu akinunua sega lisilo na asali. Ndani ya hayo ya gari, yanayosafisha gesi za moshi, kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya bei. Huyo kijana hakusaidii, anarina.

Yanaweza kuziba kweli, sikatai. Gari ikikosa pumzi ukikanyaga mafuta, ikawa haipandi mzunguko, na ukigonga kopo lenye masega kwa mkono (la baridi, tafadhali) linalia kama kayamba, basi yamevunjika au yameyeyuka. Lakini masega hayafi yenyewe. Plagi isipochoma, petroli mbichi inakwenda kuungulia humo ndani na kuyayeyusha. Injini inayokula oili inayapaka mpaka yanaziba. Zamani hata risasi iliyokuwa kwenye petroli iliyaua, ila hiyo imeondoka Afrika kusini mwa Sahara tangu 2006. Kwa hiyo tengeneza plagi na koili kwanza, kisha tuzungumze masega. Ukiweka mapya juu ya ugonjwa uleule, utayazika nayo.

Kila asubuhi mwezi wa sita na wa saba gari inatoa moshi mweupe. Gasketi imekwenda?

Moshi ukiisha baada ya dakika chache na maji ya rejeta hayapungui, huo ni mvuke tu, baridi ya Tabora unaijua. Ukiendelea hata injini ikishapata moto, na kila siku unaongeza maji, hapo ndipo uhofie gasketi, ile inayozuia maji yasiingie kwenye silinda.

Nina Hilux ya dizeli, injini ya 3L, nabeba tumbaku huku Urambo. Ikipanda kilima na mzigo inafunga barabara nzima kwa moshi mweusi, trafiki wamenichoka. Nilishasafisha tenki.

Kaka, tenki halina kosa. Kwa dizeli pia nyeusi ni ileile: mafuta mengi, hewa kidogo. Anza na ea klina. Kwa vumbi la kiangazi huko kwenu, ratiba ya kitabu haikufai. Ifungue kila wiki, na ukiipuliza kwa kompresa, puliza kutoka ndani kwenda nje, upepo usiwe mkali ukaichana.

Halafu nikuulize kitu ambacho huenda hukuniandikia makusudi: kuna fundi aliyegusa skrubu ya mafuta kwenye pampu ili "kuongeza nguvu"? Hiyo 3L haina tabo, hewa inavuta yenyewe. Na sisi huku tuko kama mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi kuliko Dar es Salaam. Pampu iliyofunguliwa vile inamwaga dizeli isiyo na hewa ya kuichoma. Nguvu unayoiona ni kidogo, inayobaki ni masizi na joto la kuua pistoni. Mpelekee fundi wa pampu mwenye mashine, na nozeli azipime hapohapo. Nozeli inayodondosha badala ya kupuliza ukungu inatoa moshi hata pampu ikiwa nzima.

Shemeji yangu yuko Leicester, Uingereza. Corolla yake ya 2001 imefeli ukaguzi wa kila mwaka, wanauita MOT, eti moshi. Nimeiona kwa video, haitoi moshi hata chembe!

Wale hawaangalii kwa macho tu, wanachomeka mrija kwenye bomba la moshi na mashine inasoma gesi. Mwambie akutumie picha ya karatasi aliyopewa, majibu yote yamo humo. Hidrokaboni, yaani petroli isiyoungua, ikizidi sehemu 200 kwa milioni huku kaboni monoksaidi iko chini, silinda mojawapo haichomi vizuri: plagi, koili, waya. Lamda, yaani kipimo cha hewa ikilinganishwa na petroli, inatakiwa iwe kati ya 0.97 na 1.03. Ikiwa chini ya hapo na kaboni monoksaidi iko juu, ni habari ya yule wa Ipuli, petroli imezidi. Ikiwa juu, atafute tundu kwenye bomba la moshi linaloingiza hewa ya nje, kabla hajanunua sensa yoyote. Lamda ikiwa sawa lakini gesi bado ziko juu, masega ndiyo yamekufa.

Akirudi kupima asitoke nyumbani moja kwa moja. Aendeshe nusu saa kwanza, maana masega chini ya nyuzi 300 hivi hayafanyi kazi, na gari isiyo na ugonjwa inaweza kufeli kwa ubaridi tu.

Zile dawa za kumimina kwenye tenki zinaondoa moshi?

Zinaweza kusafisha nozeli zenye uchafu kidogo. Ringi hazirudishi, na temostati iliyotolewa haiwezi kuota tena.