Jino la dada yako lilikuwa limelegea kabla hajasafishwa

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina miaka 34. Karibu mwaka mzima sasa fizi zangu zinatoa damu nikipiga mswaki, hasa kwenye meno ya mbele ya chini, na nyuma yake nikipitisha ulimi nahisi kitu kigumu kinakwaruza. Nilipopimwa niliambiwa nina ugaga mwingi, nisafishwe. Naogopa. Dada yangu alisafishwa mwaka jana. Tangu hapo meno yake yana mianya ambayo haikuwapo, maji baridi yanamtia ganzi, na jino moja linacheza. Anasema walimkwangua ganda la meno. Mimi nimeacha kupiga mswaki pale panapotoa damu ili papone, na nimeagiza mtandaoni dawa ya maji ambayo wanasema inayeyusha ugaga nyumbani bila daktari. Niitumie?

JIBU: Marahaba. Chupa hiyo iache kwanza, nitaifikia. Nianze na dada yako, maana habari yake ndiyo inayokutisha, nami naisikia kazini karibu kila wiki: fulani alisafishwa, meno yakalegea. Wanaoniambia hivyo huwa wamekaa na hofu hiyo miaka kadhaa, na siku wanapokuja, mara nyingi wanakuja kung'oa.

Umesema ulimi unakwaruzwa nyuma ya meno ya mbele ya chini. Hapo ningepatazama kwanza hata usingesema. Chini ya ulimi kuna vitundu vinavyomwaga mate, na mate yana madini ya kalsiamu na fosfeti. Ukoga, yaani ule utando laini wa bakteria unaouhisi menoni ukiamka asubuhi, usipoondolewa huanza kugandishwa na madini hayo ndani ya siku chache. Baada ya wiki mbili hivi umeshakuwa jiwe, nalo ndilo ugaga. Jiwe hilo hupenda pia magego ya juu, upande wa shavu, kwa sababu tezi nyingine kubwa inamwaga mate yake papo hapo. Ukoga unatoka kwa mswaki. Ugaga hautoki, hata upige mpaka mkono uchoke.

Ugaga wenyewe hauumi, na hapo ndipo unapomdanganya mtu. Uso wake unakwaruza, kwa hiyo kila siku ukoga mpya unaning'inia juu yake, na polepole unashuka chini ya ufizi ambako mswaki haufiki. Ufizi unavimba, unaiva wekundu, unatoa damu ukiguswa. Kwa baadhi ya watu mambo huishia hapo kwa miaka. Kwa wengine ugonjwa unashuka hadi kwenye mfupa unaolishika jino, na mfupa unaliwa kidogo kidogo bila maumivu yoyote. Mfupa ulioliwa hivyo haurudi wenyewe.

Sasa mfikirie dada yako siku moja kabla ya kusafishwa. Mfupa umeshapungua. Ufizi umevimba hadi kujaza nafasi zilizo kati ya meno, kwa hiyo akijitazama kwenye kioo haoni mwanya. Mizizi iliyoachwa wazi imefunikwa na ugaga, maji baridi hayaigusi. Na lile jino bovu limegandamana na jirani zake kama tofali ndani ya saruji. Nimewahi kuona ukuta wa ugaga uliofanya meno manne ya mbele kuwa kitu kimoja, ukilitikisa moja yanakwenda yote. Ugaga ukaondolewa. Uvimbe ukashuka, mianya ikaonekana. Mizizi, ambayo haina enameli, lile ganda gumu la juu, ikakutana na maji baridi kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Na jino lililokuwa likishikiliwa na jiwe likaonyesha hali yake. Yote matatu yalikuwapo tangu mwanzo, ila yalifunikwa. Ukitaka kumsomea dada yako aya moja tu ya jibu hili, msomee hii.

Kuhusu kukwanguliwa ganda: enameli ni kitu kigumu kuliko vyote katika mwili wa binadamu. Ncha ya mashine tunayosafishia hutetemeka mara 25,000 na zaidi kwa sekunde huku ikimwagiwa maji, na mtetemo huo ndio unaopasua ugaga ukabanduka. Haisagi kama tupa. Sikatai kwamba mkono usio na ustadi unaweza kuukwaruza mzizi, ambao ni laini kuliko enameli. Lakini mkono huo hauwezi kutoboa mianya mdomo mzima.

Kosa ninaloliona katika habari ya dada yako ni jingine, na ni letu sisi madaktari. Hakuelezwa. Mgonjwa mwenye ugaga kiasi hicho anatakiwa apewe kioo kabla hatujagusa kitu, aonyeshwe ufizi ulivyovimba, aambiwe: hapa utaona mwanya, hapa utahisi ganzi siku kadhaa, hili linacheza tayari. Dakika tano tu. Tunazibana dakika hizo kwa sababu foleni ni ndefu, kisha mgonjwa anakwenda nyumbani na tafsiri yake mwenyewe, na tafsiri hiyo inawafikia ndugu wote.

Kwa hiyo dada yako asikimbie, arudi. Ganzi ya kawaida baada ya kusafishwa huisha kwa siku chache au wiki chache. Ikiwa mwaka umepita na bado ipo, inahitaji kutazamwa. Apimwe kwa ile fimbo nyembamba yenye alama za milimita, jino baada ya jino. Nafasi kati ya ufizi na jino ikiwa milimita 1 hadi 3, hapo pazima. Ikianza kufika 4 na kuendelea, kuna mfuko, na mfuko huo huenda ukahitaji kusafishwa kwa ndani kwa sindano ya ganzi, pengine kwa awamu, kisha apimwe tena baada ya miezi miwili au mitatu. Kwa jino linalocheza apigwe picha ya eksirei ionekane mfupa umebaki kiasi gani. Meno mengi yanayocheza kidogo hukaza uvimbe ukiisha. Mengine hayakazi, na ni bora kujua mapema.

Tuje kwako. Umeacha kupiga mswaki panapotoa damu ili papone. Ufizi unatoa damu kwa sababu ya bakteria walioachwa pale, nawe umeamua kuwaacha zaidi. Mwaka 1965 Harald Löe, mtafiti wa magonjwa ya fizi, na wenzake wa Aarhus, Denmark, walichapisha jaribio ambalo wanafunzi wa meno wanalisoma hadi leo. Watu 12 wenye fizi nzima waliacha kabisa kusafisha meno. Wote walipata ugonjwa wa fizi, wa mapema baada ya siku 10 hivi, wa mwisho baada ya wiki tatu. Waliporudi kwenye mswaki, fizi zilipona kwa takriban wiki moja. Wewe umeirudia nusu ya kwanza ya jaribio lile na nusu ya pili umeiacha.

Chukua mswaki laini. Ulaze ili nywele zake zielekee pale jino linapoingia kwenye ufizi, nusu juu ya jino na nusu juu ya ufizi, utikise kidogo kidogo bila kusugua kama unayesugua sufuria. Dakika mbili, mara mbili kwa siku, na ya usiku isikosekane. Kati ya meno pitisha uzi au vibrashi vidogo, kwa maana mswaki hauingii humo. Dawa ya meno iwe na floraidi, na ukimaliza tema tu, usisukutue, ili floraidi ibaki. Damu itatoka siku za mwanzo, usiache. Wiki ya pili itakuwa imepungua, isipokuwa pale kwenye jiwe. Hapo haitakoma mpaka liondolewe, na ndiyo maana uliambiwa usafishwe.

Ukienda, mwambie daktari kama una kisukari, ujauzito, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Na kama unavuta sigara, usifurahie ukiona damu haitoki: sigara hubana mishipa ya fizi, damu ikapungua huku mfupa ukiendelea kuliwa.

Sasa chupa.

Ugaga umetengenezwa kwa nini? Kalsiamu na fosfeti. Enameli je? Kalsiamu na fosfeti. Dawa inayoweza kuyeyusha wa kwanza ikiwa imekaa mdomoni dakika chache itamla na wa pili, kwa kuwa haina macho ya kuwatofautisha. Tena ugaga wako ni mnene, na mizizi iliyo pembeni yake haina ganda. Mzizi utakwisha kabla ya jiwe. Enameli huanza kupoteza madini mdomo ukishuka chini ya pH 5.5 hivi; pH ni kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi inapanda. Maji ya limau yako karibu na 2, ambayo kwa hesabu ya pH ni asidi kali mara 1,000 na zaidi. Na enameli haina chembe hai ndani yake. Mfupa ukivunjika unaunga, ngozi ikikatika inajifunga, enameli ikiondoka imeondoka.

Utaniambia dawa yako si limau. Basi kuna mawili. Ama ni asidi, na hasara yake nimeshaieleza, ama si asidi, na hapo umenunua maji yenye ladha ya mnanaa. Na kujaribu kuumaliza uchafu wa meno kwa dawa ya maji si jambo geni. Antonie van Leeuwenhoek, muuza vitambaa wa Delft, Uholanzi, aliyejitengenezea lenzi zake za kukuzia vitu vidogo, aliukwangua ukoga wa meno yake mwaka 1683 akaona ndani yake vidudu vikijongea. Alipojaribu siki, akakuta imeua vile vya juu tu; vya ndani ya utando vilikuwa hai. Huo ulikuwa ukoga laini. Jiwe ni zaidi.

Baada ya chupa, watu huhamia kwenye kulabu za kukwangulia ugaga. Siku hizi zinauzwa kwa seti, za chuma, zinafanana kabisa na zangu. Alinijia kijana mmoja aliyejisafisha nayo mbele ya kioo cha bafuni, usiku, kwa taa ya simu. Alikuja na alichokikwangua amekifunga kwenye karatasi, anataka nimsifu. Nikakifungua: vipande viwili vya ugaga, kweli, na kipande cha tatu kilikuwa ukingo wa jino lililozibwa. Ufizi alikuwa ameuchana upande wa ulimi, mahali asipopaona. Ugaga wa chini ya ufizi, ule unaokula mfupa, ulikuwa vilevile. Alichoondoa ni kile ambacho angekiona mtu akicheka.

Na unga wa mkaa. Na magadi yaliyokorogwa na limau. Hivi humpa mtu meno meupe kwa wiki kadhaa, kisha anakuja kulalamika yamekuwa ya manjano kuliko awali. Hakudanganyika macho. Chini ya enameli kuna dentini, na rangi ya dentini ni manjano; ukilikondesha ganda kwa kulisugua, unalisogeza manjano karibu na dirisha. Na wale wanaoponda aspirini wakaiweka ufizini jino likiuma: hainyonywi hapo ikafika kwenye jino, inaunguza nyama. Huja na kidonda cheupe na jino linalouma palepale, wamejiongezea la pili.

Aliwahi kunijia muuzaji wa dawa kama hiyo yako, akitaka niiweke mezani pangu wagonjwa waione. Nikatoa jino nililoling'oa asubuhi ile, nikamwomba alitumbukize kwenye kikombe cha dawa yake, tuliache mpaka kesho, kisha tulikwaruze kwa ukucha. Akasita. Nikamuuliza inajuaje kwamba hili ni ugaga na hili ni jino. Akasema haina madhara, ni ya asili, imetoka kwenye mmea. Nikamkumbusha kuwa limau nalo limetoka mtini. Alichukua boksi lake, na kikombe akakiacha kikavu.