Bibi anakohoa, hana homa ila anachanganyikiwa

Pole sana dada. Bibi wa miaka 78, hapo Moshi, anakohoa wiki nzima, hana homa, ila maneno yameanza kumchanganya na mmeshampa amoksilini, dawa ya kuua bakteria, ya duka la dawa. Wazee nimonia, yaani maambukizi ya mapafu, huwajia hivyo hivyo, usisubiri joto lipande. Mara nyingi ni bakteria aitwaye Streptococcus pneumoniae, ila hata virusi vya mafua vinaleta, na virusi hivyo amoksilini haiviwezi kabisa, halafu TB nayo hujificha humo humo. Mkalishe, angalia kifua, hesabu pumzi dakika nzima kwa saa ya simu, zikifika 30 au midomo ikiwa ya bluu mkimbizeni hospitali ya Mawenzi au KCMC sasa hivi. Hata zisipofika, kwa huko kuchanganyikiwa aende leo leo, apigwe eksirei, apimwe makohozi, na beba boksi la dawa daktari alione.